Hamamu za Unguja na Moyo wa Mgeni

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii husemwa kila siku, na kwa wingi wa kusemwa imekuwa kama sarafu iliyochakaa sura: hupokewa na kutolewa, wala haitazamwi. Lakini mwenye kuitazama vema ataona jambo la ajabu ndani yake. Aponaye katika methali si mgeni, ni mwenyeji. Mgeni huja na heri yake, na kwa ajili yake chungu hutiwa kitoweo ambacho jana hakikuwamo, ugomvi wa nyumba hunyamazishwa, na mwenyeji naye hula akashiba. Katika zama hizi iko biashara kubwa ulimwenguni iliyoigeuza methali hiyo juu chini. Katika biashara hiyo mgeni ndiye ajaye kupona, na mwenyeji huajiriwa amponye. Jina lake ni utalii wa siha: safari ya mtu atokaye kwao, si kwa kutafuta mali, wala elimu, wala jamaa, bali kwa kutafuta raha ya mwili na utulivu wa moyo.

Swali lililo mbele ya mwanafunzi wa jambo hili ni jepesi kuulizwa na zito kujibiwa. Kwa nini mgeni mmoja afikapo mahali pa mapumziko moyo wake hutua kama ndege juu ya tawi, na mwingine, katika chumba kile kile na mbele ya bahari ile ile, huona uchovu, uchungu au karaha? Wenye hoteli aghalabu hujibu kwa kutaja vitu: maji, mchanga, mafuta ya kukandia, harufu ya maua, shuka nyeupe. Vitu hivyo havidharauliki. Lakini Unguja ni kisiwa kilichojengwa mahali pa kupumzikia kwa muda wa karibu miaka mia mbili, na historia ya mahali hapo inatoa jibu lenye kina zaidi.

Historia hiyo inafaa itazamwe kutoka Mpendae. Mtaa huu umo katika mji wa Unguja, upande wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hapana sultani aliyejenga kasri Mpendae, wala hapana hamamu yenye kuba, wala mgeni mwenye ramani mkononi hana sababu kubwa ya kupita huko. Jina la mtaa lina sauti ya kupenda katika sikio la kila msema Kiswahili, lakini hilo halikutosha kuutia katika njia za wasafiri. Hata hivyo katika mitaa ya namna hii ndimo wakaamo watu ambao kazi yao ni raha ya wengine: mpishi, dereva, mfua nguo, mtembezaji wageni, na mwanamke mwenye ujuzi wa kukanda na kusinga. Kabla ya jua kupanda wako waliokwisha kuondoka kwenda kazini. Na mgeni aamkapo hukuta maji yametengwa, maua yametandazwa, na uso wenye tabasamu uko mlangoni. Ye yote atakaye kujua raha ya mgeni imejengwa juu ya nini, hana budi kuanza kwa kuuliza ni nani aliyeyateka maji.

Mahali pa kwanza pa kuulizia ni Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji. Hapo Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, alijenga kasri lake baina ya mwaka 1828 na 1832. Binti yake Salme alizaliwa humo mwaka 1844, na alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu za maisha yake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika kitabu hicho hamamu za Mtoni zimeelezwa kwa mapenzi. Zilikuwa nyingi, zimepangwa mwisho wa ua mkubwa, na watu wa nyumba walikaa humo saa nyingi kila siku, wengine wakioga, wengine wakisali, wengine wakipumzika. Kuoga hakukuwa kuondoa taka tu. Kulikuwa ni baraza, ni faragha na ni ibada, mambo matatu ambayo nyumba yenye watu wengi huyahitaji ili isiwe gereza.

Mwaka 1866 watu wawili mashuhuri walipishana katika mji wa Unguja. Mmoja alikuwa David Livingstone, aliyefika mwezi wa Januari akitengeneza safari yake ya mwisho ya bara. Alipewa nyumba nzuri ya kukaa na Sultani Majid, akapokewa kwa heshima. Lakini pwani ya mji ilikuwa jaa, na uvundo wake ulimchukiza hata akalichezea jina la Zanzibar kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kunuka. Mwingine alikuwa Salme mwenyewe, aliyeondoka mwezi wa Agosti mwaka ule ule kwa merikebu ya Kiingereza. Aliolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily, akaenda kukaa Hamburg. Mumewe alikufa mwaka 1870, naye akabaki na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Kutoka huko ndiko alikoandika juu ya Unguja, na Unguja ya kalamu yake ilikuwa na harufu ya asmini.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba mmoja wa wawili hao alisema uwongo. Pwani ya mji ilinuka kweli, na bustani za Mtoni zilinukia kweli. Lakini tofauti yao haikuwa ya pua peke yake. Livingstone alikuja na haja ya kupita. Mji kwake ulikuwa mlango wa kuendea kwingine, na mlango ukichelewa kufunguka huchukiwa. Salme alikuwa ameondoka bila njia ya kurudi, na kila alichokipoteza kilizidi kung'aa kwa kuwa mbali. Hapa ndipo linapopatikana somo la kwanza. Mgeni hafiki mahali po pote akiwa chombo kitupu. Huja amejaa alichokiacha, alichokitarajia na anachokiogopa, na mahali huongezea tu juu ya hayo. Mtu aliyechoshwa na kelele husikia ukimya kuwa ni dawa. Mtu aliyefiwa husikia ukimya ule ule kuwa ni msiba.

Salme alirudi Unguja mwaka 1885, safari hii akiwa mgeni katika nchi ya kuzaliwa kwake. Ndugu yake Sultani Barghash alikataa kumpokea. Alikwenda Mtoni akakuta kasri limekuwa magofu, na hamamu zilizojaa watu zamani zimeharibika. Bahari ilikuwa ile ile, upepo ule ule, na minazi ile ile. Mahali palikuwapo, lakini raha haikuwapo, maana waliokuwa raha yake walikuwa wamekufa, au wametawanyika, au wamemfungia mlango. Msomaji wa kumbukumbu hizo asisahau jambo jingine. Salme alikuwa mtoto wa mwenye nyumba. Kitabu chake kina sura juu ya utumwa, na ndani yake amewatetea zaidi wenye watumwa kuliko watumwa wenyewe. Aliyakumbuka maji ya hamamu. Mtu aliyeyateka hakumwona kwa jicho hilo hilo.

Kutoka Mtoni, kwa mwendo usio mrefu kuelekea ndani ya kisiwa, kuna kilima cha Kidichi, penye mashamba ya viungo. Juu yake imesimama hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said, kwa ajili ya mkewe Shahrzad, bibi wa Kiajemi wa ukoo wa kifalme. Kuta zake zimenakshiwa kwa chokaa maua na ndege kwa mtindo wa Uajemi, jambo geni katika nyumba za Waomani wa wakati ule, ambao wengi wao walipenda kuta zisizo na mapambo mengi. Mgeni aingiaye humo leo huelezwa hadithi tamu: mfalme alimpenda mkewe, mke alipenda kupanda farasi na kuwinda, na mfalme akamjengea mahali pa kuoga vumbi la mawindo asije akachoka njiani. Mgeni husikiliza, hugusa ukuta, na moyo wake hulainika.

Hadithi hiyo si ya uwongo, ila imekatwa mwisho wake. Salme ameeleza kwamba ndoa ile haikuzaa mtoto, haikudumu, ikaishia katika talaka, na bibi akarudi kwao Uajemi. Tena hadithi imekatwa pande zake. Maji hayapati moto bila kuni, na kuni hazijikati zenyewe. Mwaka 1850 mashamba ya mikarafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Biashara yao kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja hata mwaka 1897. Nakshi za Kidichi zimebaki ukutani zikaonekana na kusifiwa. Mikono iliyopanda kilima na mitungi haikuacha nakshi.

Watokee wageni wawili wakaingia Kidichi siku moja. Mmoja aelezwe habari ya pendo tu, na mwingine aelezwe habari yote, pamoja na talaka na watumwa. Mawe ni yale yale, na baridi ya kivuli ni ile ile, lakini hawatatoka na moyo mmoja. Hili ndilo somo la pili: mahali husemeshwa, na mgeni husikia kile ambacho mahali pamefundishwa kusema. Vivyo hivyo Maruhubi, kasri lililojengwa na Sultani Barghash baina ya mwaka 1880 na 1882 na kuungua mwaka 1899. Nguzo zake zilizobaki kando ya bahari hazisemi neno. Mtembezaji akitaja masuria wengi wa Sultani kwa sauti ya mzaha, mgeni hucheka. Akiwataja kwa sauti ya mtu anayehesabu binadamu, mgeni hunyamaza.

Huyu Barghash anastahili kuelezwa zaidi, maana hapana mtawala wa Unguja aliyejishughulisha na maji na afya kama yeye. Kabla ya kutawala alishindwa katika uasi dhidi ya ndugu yake Majid mwaka 1859, akapelekwa Bombay, na huko aliona mji mkubwa na mambo yake. Aliposhika ufalme mwaka 1870, Unguja ilikuwa imetoka katika maradhi makali ya kipindupindu yaliyoua watu wengi sana katika miaka ya 1869 na 1870. Mwaka 1872 kimbunga kikavunja merikebu na kung'oa mikarafuu. Katika enzi yake maji safi yaliletwa mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Ndani ya Mji Mkongwe alijenga hamamu ya watu wote, kazi ya fundi Haji Gulamhussein, yenye vyumba vya maji ya moto na ya baridi. Ilitumika mpaka mwaka 1920, na mtaa wake unaitwa Hamamni hata leo.

Ajabu ya Hamamni si kuba zake. Ajabu yake ni kwamba raha iliyokuwa ya kasri ilishuka barabarani. Mfanyabiashara na fundi waliweza kulipa wakaingia, wakavua nguo zinazotofautisha watu, wakakaa katika mvuke mmoja. Na msomaji akumbuke kwamba waliingia wakiwa ni watu wa mji uliotoka kuzika maelfu. Maji safi kwao hayakuwa anasa. Yalikuwa ni amani. Huwezi kumtuliza mtu anayeyashuku maji unayomwogeshea. Kwa hiyo katika kuhesabu vitu vinavyoumba hisia za mgeni, usalama hutangulia uzuri, ingawa usalama hausifiwi, kwa kuwa ukiwapo hauonekani.

Barghash mwenyewe alijenga pia kasri la Chukwani, kusini ya mji, ambako hewa ilisemwa kuwa ni nzuri kwa mtu anayepona. Basi alikuwa na hamamu mjini, hamamu Maruhubi, na kasri la hewa nzuri Chukwani. Mtalii wa leo angelipa fedha nyingi kupata theluthi ya hayo. Hata hivyo alipougua sana hakutosheka nayo. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Omani, nchi ya wazee wake yenye chemchemi za maji ya moto, akitafuta afya. Hakuipata. Alirejea Unguja, akafariki dunia mwezi wa Machi mwaka ule ule, mara baada ya kufika. Mtu aliyewajengea wengine mahali pa kupona alikwenda kutafuta kupona kwingine. Nyumbani kwa mtu hakukosi maji, hukosa umbali. Mtawala hawezi kupumzika mahali ambapo kila mlango unaleta shauri, na mwili mgonjwa hudhani kwamba dawa iko ng'ambo ya bahari. Tumaini hilo ni sehemu kubwa ya safari zote za siha, za wafalme na za watu wa kawaida.

Baada ya makasri, yafaa kutazama mahali pa namna nyingine, maana raha huonekana vizuri zaidi ikisimamishwa karibu na kinyume chake. Mbele ya Mji Mkongwe kuna kisiwa kidogo cha Changuu. Mwaka 1893 lilijengwa gereza huko kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, lakini halikutumika kufungia wahalifu. Kisiwa kikafanywa karantini, mahali pa kuwatenga abiria wa merikebu walioshukiwa kuwa na maradhi. Wakati ambapo hapakuwa na merikebu ya kushukiwa, watu walikwenda huko kupumzika na kuogelea. Leo watalii huvuka kwa mashua kutazama kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919.

Changuu ni mizani bora ya kupimia jambo hili. Mchanga ulikuwa mmoja, kivuli kimoja na upepo mmoja. Aliyezuiliwa na aliyepumzika huenda walitazama jua likizama mahali pale pale. Lakini mmoja alihesabu siku akiomba zipungue, na mwingine alihesabu siku akiomba ziongezeke. Kitu gani kiliwatenga? Hiari. Mmoja aliweza kuondoka na hakutaka. Mwingine alitaka na hakuweza. Hilo ndilo somo la tatu, na huenda ndilo zito kuliko yote: mandhari haimpi mtu utulivu ikiwa amenyimwa uhuru wake ndani ya mandhari hiyo. Somo hilo halimhusu mgeni peke yake, kama itakavyoonekana.

Wataalamu wa siku hizi wamefika karibu na masomo hayo kwa njia zao. Mwaka 1984 Roger Ulrich alieleza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala penye madirisha yaliyotazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, katika kitabu chao cha mwaka 1989, walisema kwamba mahali pa kuburudisha akili iliyochoka pana sifa nne: pamtenge mtu na shughuli zake, pavute macho bila kuyalazimisha, pawe na upana wa kutosha kuwa kama ulimwengu mwingine, na palingane na haja ya mtu aliyefika. Mwaka 1992 Wilbert Gesler alianzisha mjadala juu ya mandhari ya tiba. Yeye alitazama Epidauros ya Ugiriki ya kale, Bath ya Uingereza na Lourdes ya Ufaransa, akaonyesha kwamba uponyaji wa mahali haukai katika maji na miti peke yake, bali pia katika imani, masimulizi, na namna watu walivyohusiana mahali hapo.

Maneno ya Gesler yanaelekeza njia kurudi Mpendae. Katika nyumba za Unguja, kabla hapajakuwa na hoteli yo yote yenye chumba cha kukandia, kulikuwa na elimu kamili ya kuustarehesha mwili. Mwali aliyekaribia kuolewa aliwekwa ndani, akasingwa kwa singo: asmini, mlangilangi, mawaridi, liwa, karafuu na rihani, vikapondwa na kulainishwa kwa marashi. Nguo zake zilifukizwa udi juu ya chetezo. Aliyemhudumia alikuwa somo yake, mwanamke aliyemjua tangu utoto, akimkanda huku akimfundisha mambo ya ndoa, akimtania, na pengine akimwonya. Mikono ile ilikuwa na jina. Mwali hakutulia kwa sababu ya liwa. Alitulia kwa sababu aliyempaka liwa alimtakia heri, na alijua hivyo.

Leo singo hiyo hiyo husagwa kwa ajili ya wageni katika vyumba vya hoteli na katika nyumba za urembo za Mji Mkongwe. Si vibaya, ujuzi ambao ungepotea umepata soko, na wanawake wengi wamepata riziki yao halali. Lakini uhusiano umebadilika. Mkandaji hamjui mgeni, wala mgeni hamjui mkandaji, nao wana saa moja tu. Mwanachuoni wa Marekani, Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege, alieleza kwamba katika kazi za namna hii mtu hauzi nguvu za mikono peke yake. Huuza na uso wake na hisia zake. Lazima atabasamu ingawa mtoto amelala na homa nyumbani, lazima sauti yake iwe laini ingawa kodi ya nyumba imechelewa. Tabasamu la namna hiyo ni kazi, na ni kazi nzito, ila haiandikwi katika hesabu ya mshahara.

Je, mgeni hutambua? Mwili wa binadamu si mjinga. Mkono uliochoka huonekana ndani ya mguso, na ukarimu wa kulazimishwa una ubaridi wake. Wako wageni wanaorudi kwao wakisema kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, na bado kuna jambo lililokosekana wasilolijua jina. Na wako wengine wanaosahau hoteli yote wakamkumbuka mtu mmoja aliyewauliza habari zao kwa dhati na akawa na nafasi ya kungoja jibu. Hapo mizani ya Changuu hurudi. Hiari iliyomtenga aliyezuiliwa na aliyepumzika ndiyo hiyo hiyo inayotenga ukarimu na utumishi. Mhudumu mwenye mshahara wa kutosha, mwenye saa za kupumzika, mwenye ruhusa ya kuwa mtu, hukaribisha. Asiye nayo hutekeleza tu. Mgeni hupewa utulivu na mtu aliye nao, wala hapana awezaye kumpa mwenziwe kitu ambacho yeye mwenyewe amenyimwa.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba mgeni amelipa nauli, amevuka bahari, amekuja kutua mzigo; si haki kumtwika kichwani habari za watumwa wa Kidichi na kodi za nyumba za Mpendae. Neno hili lina nguvu na halifai kupuuzwa. Aliyechoka anastahili kupumzika, na hapana fadhila katika kumharibia mtu usingizi. Lakini kupumzika si kulevywa. Mtu aliyelevywa kwa hadithi nusu huamka na kiu ile ile. Yule aliyeelezwa kwamba kuba hii nzuri ilijengwa na watu wasiokuwa na uhuru, kwamba ndoa iliyosifiwa iliishia katika talaka, na kwamba mfalme aliyejenga hamamu alikufa akitafuta dawa, hupata kitu kilicho kizito kuliko raha. Huona kwamba uchovu wake ni sehemu ya uchovu wa binadamu wote, na kwamba maji ya baridi katika siku ya jua ni neema iliyopita mikono mingi kabla ya kumfikia. Shukrani hiyo ni utulivu, tena ni utulivu usioisha siku ya kufungasha mizigo.

Kwa hiyo vitu vinavyoumba hisia za mgeni mahali pa siha vinaweza kupangwa hivi: moyo aliokuja nao, usalama na uzuri wa mahali, hadithi anayosimuliwa, na hiari, yake na ya anayemhudumia. Wenye hoteli wamekwisha kulishughulikia sana jambo la pili. La kwanza halimo katika uwezo wao. La tatu na la nne ndiyo yaliyobaki, na hayo hayanunuliwi kwa marumaru wala mafuta ya thamani. Hununuliwa kwa ukweli na kwa haki.

Hamamu ya Hamamni ingali imesimama, kavu, na wageni huilipia kiingilio waone mahali ambapo maji yalikuwapo. Mtembezaji huonyesha chumba cha moto na chumba cha baridi, huonyesha tundu za nuru katika kuba, na huweza kumaliza hapo. Lakini akiwa ni mtu hodari ataongeza neno moja juu ya waliokoka moto na waliobeba maji. Jioni ikifika, naye atarudi Ng'ambo, labda Mpendae, kwa watu wake, na miguu yake itahitaji maji kama miguu ya mgeni. Siku ambayo kurudi kwake kutakuwa kurudi kwenye nyumba yenye nafuu, methali ya wahenga itakuwa imesimama tena kwa miguu yake. Mgeni atakuja, na mwenyeji atapona. Na mgeni, kwa kuwa amekaribishwa na mzima, atapona pamoja naye.